Kina cha Kisima Kimeandikwa Wapi?

Ukimuuliza mtu wa hapa Kakuma namba ya bloku yake, anakujibu bila kufikiri. Namba ya kadi ya chakula nayo iko kichwani, kama jina la mtoto wake. Sasa muulize maji anayokunywa yanatoka mita ngapi chini ya ardhi. Atacheka tu. "Maji ni maji, ndugu yangu. Bora yatoke." Na mimi sisemi kwamba amekosea, kwa sababu mwenye kiu hana muda wa kuuliza kina.

Lakini kila kisima kilichochimbwa kwa mashine, kile ambacho sisi tuliotoka Kongo tunakiita foraji, kina karatasi yake. Karatasi hiyo inasema shimo limeshuka mita ngapi, limepita katika udongo gani na mawe gani, maji yalipatikana wapi, na yanatoka kiasi gani kwa saa. Historia ya huku kaskazini mwa Kenya, tangu enzi ya mkoloni mpaka sisi tulioletwa na vita, iko ndani ya karatasi hizo kuliko ilivyo katika vitabu vya shule. Nataka kueleza zilianza vipi, zinasema nini, na kwa nini saa hii ni wakati wetu sisi wanywaji kuziulizia.

Kabla ya karatasi

Mashine haikuwa ya kwanza kufika. Watu walichimba huku miaka mingi kabla ya chuma. Kusini mwa Ethiopia, karibu na mpaka wa Kenya, Waborana wana visima vya kale vinavyoitwa tula. Vingine ni virefu kiasi kwamba wanaume wanasimama ndani kwa mstari, mmoja juu ya mwenzake, na kupitishiana ndoo za ngozi huku wakiimba ili mikono iende pamoja. Kila kisima kina mwenyewe, abba konfi, na kina msimamizi wa zamu ya kunywesha, abba herega. Ukitaka kujua kisima kilichimbwa na ukoo gani, nani alikifufua kilipoporomoka, na nani ana haki ya kunywesha siku ya tatu, huendi ofisini. Unamuuliza mzee.

Wajir nayo imekaa juu ya visima vifupi vilivyochongwa kwa mkono katika mawe ya chokaa. Waingereza walipoweka kituo chao hapo mwaka 1912, si kwamba walipapenda. Walifuata maji ambayo wafugaji walikuwa wanayatumia tayari. Aliyeshika visima alishika njia za ngamia na za watu.

Hapa Turkana, majirani zetu wanachimba kwenye mchanga wa laga. Mvua ikiisha, mto unakauka juu lakini chini ya mchanga maji yanabaki. Mwanzo wa kiangazi mama anachimba kidogo tu, anapata. Kiangazi kikizidi anashuka zaidi, mpaka anayeteka haonekani kutoka ukingoni. Kwa kuangalia kina cha shimo, mzee wa Kiturkana anajua mwaka umefika wapi na kama ni saa ya kuhamisha mifugo.

Sisi wa Kivu tulikuja bila elimu hiyo. Kwetu maji yanashuka yenyewe kutoka mlimani. Unaweka kipande cha bomba kwenye chemchemi, unaweka bidoni, basi. Hatukuwa na sababu ya kuuliza kina. Labda ndiyo maana mpaka leo hatuulizi.

Kwa hiyo kumbukumbu za visima zilikuwepo siku zote. Zilikaa kwenye vichwa vya wazee, na watu waliokunywa maji ndio walioshika kumbukumbu. Kitu cha kwanza ambacho mashine ilibadilisha ni hicho: kumbukumbu ilitoka kwa mnywaji ikaenda kwenye faili.

Mashine na namba ya C

Katika miaka ya 1940, serikali ya kikoloni ilimleta mtaalamu wa miamba, Frank Dixey, kupima habari za maji katika ile wilaya iliyoitwa Northern Frontier District. Wenzetu wa Dzaleka wanaweza kumdai kidogo, kwa sababu kabla ya hapo alikuwa mkuu wa idara ya miamba ya Nyasaland, yaani Malawi ya leo, na alikuwa ameandika kitabu cha mafundisho ya kutafuta maji. Kutokana na kazi yake ulikuja mpango ambao wengi waliuita mpango wa Dixey: kuchimba visima na mabwawa katika nchi ya wafugaji ili mifugo itawanyike na kutumia malisho yasiyokuwa na maji.

Kwenye karatasi lilikuwa wazo zuri. Lakini kisima cha mashine hakifanani na shimo la mchanga. Shimo la mchanga linakauka, na likikauka linawaambia watu waondoke. Kisima cha mashine kinaendelea kutoa. Ng'ombe wakarundikana, nyasi zikaisha kuzunguka kisima, na ardhi ikabaki vumbi. Ukatili wa ukame ulikuwa na faida yake: ulilinda nyasi. Yaliyoandikwa kwenye faili yalikuwa kina na wingi wa maji. Habari za nyasi na zamu, ambazo abba herega alizishika kichwani, hazikuwa na mahali pa kuandikwa.

Wakati huohuo Kenya ilijenga utaratibu wa kuandikisha visima. Kila kisima kilipewa namba inayoanza na herufi C, na mpaka leo ukiongea na mtaalamu wa maji wa Kenya atakuuliza, "C namba ngapi?" kama vile askari anavyoomba kitambulisho. Faili hizo zilikusanywa na wizara ya maji Nairobi, kwenye jengo ambalo watu wanaliita Maji House. Sheria nayo ikaweka mkono wake. Inamtaka anayechimba kisima aandike kazi inavyokwenda: tabaka alizopita na vipimo vyake, kina ambacho maji yalipatikana, kiasi kilichopatikana, na kimo ambacho maji yametulia baada ya kuchimba. Taarifa hiyo inatakiwa ifike kwa mamlaka ya maji. Kwa maneno mengine, kontrakta anauza shimo na anadaiwa kumbukumbu. Shimo bila kumbukumbu ni kazi nusu.

Karatasi inasema nini

Mimi niliwahi kufanya kazi ya insentivu kwenye uchimbaji, wiki chache tu. Kazi yangu ilikuwa mafungu. Mashine inapiga chini, kompresa inapuliza hewa, na unga wa mawe unapanda juu pamoja na vumbi. Kila baada ya mita 2 nachota unga huo kwa koleo, naweka fungu chini, kwa mstari. Mita 2, fungu. Mita 4, fungu. Jioni unaona mstari mrefu wa mafungu madogo, la kwanza jekundu, yanayofuata ya kijivu, halafu mchanga, halafu jiwe jeusi, halafu udongo wenye unyevu. Ni kama mtu ameichukua ardhi iliyosimama akailaza chini ili tuisome.

Fundi mkuu alikuwa mzee, mtu wa kucheka kidogo. Mtoto mmoja alipopita mbio juu ya mstari, mzee alipiga kelele kama ameibiwa.

"Kijana! Usiache wachanganye hizo fungu!"

"Ni mchanga tu, mzee," nikasema.

"Mchanga tu? Mimi kesho niko Lodwar. Hii mashine kesho kutwa iko kwingine. Hapa chini nani ataona tena? Hizi fungu ndio ushahidi wetu."

Kutoka kwenye mafungu hayo ndiyo inaandikwa ile karatasi. Wacha nieleze vipimo vyake vikubwa, maana si vigumu.

Cha kwanza ni kina chote cha shimo. Cha pili ni pale maji yalipopatikana, na mara nyingi ni sehemu zaidi ya moja. Cha tatu ni kimo cha maji yaliyotulia. Hapa wengi wanachanganya. Shimo linaweza kuwa la mita 100, maji yakapatikana mita 80, lakini yakapanda yenyewe ndani ya bomba na kutulia mita 40 kutoka juu. Cha nne ni kiasi kwa saa, kinachojulikana kwa kupampu muda mrefu, mara nyingi saa 24, huku mtu anapima maji yanashuka kiasi gani kisimani. Cha tano ni ubora: chumvi, madini, vijidudu.

Kila namba ina kazi yake kwenye maisha ya mtu. Pampu ya mkono aina ya Afridev, iliyotengenezwa kwa kazi ya miaka ya 1980 huko Malawi na Kenya, inafaa mpaka kina cha mita 45 hivi. Maji yakiwa mita 30, kijiji kinaweza kujitegemea, na fundi wa hapohapo anabadilisha vipuri. Yakiwa mita 80, unahitaji pampu ya kuzamishwa, jenereta au sola, na mtu wa kulipa. Kina peke yake kinaamua kama jamii itasimama yenyewe au itabaki kumsubiri mfadhili.

Chukua tena kiasi kwa saa. Kisima kinachotoa mita za ujazo 10 kwa saa, kikipampu saa 12, kinatoa lita 120,000. Kwa lita 20 kila mtu kwa siku, ambacho ni kipimo UNHCR inalenga, hao ni watu 6,000. Sasa ikiwa karatasi ilisema 15 badala ya 10, waliopanga watahesabu lita 180,000, na watawaweka watu 9,000 kwenye kisima hicho. Watu hao watagawana lita 120,000. Kila mmoja atapata lita 13 na kidogo, chini ya lita 15 ambazo viwango vya Sphere vinahesabu kuwa za chini kabisa wakati wa dharura. Hakuna atakayewaambia kwamba kosa liko kwenye namba. Wataambiana wenyewe kwamba mama fulani anaruka laini, kwamba watu wa taifa fulani wanajaza bidoni nyingi. Ugomvi mwingi wa bombani unaanzia ofisini.

Kuna jambo lingine, na hili nalisema bila kumtaja mtu. Kontrakta mara nyingi analipwa kwa mita. Akichimba zaidi analipwa zaidi. Sehemu moja nilipokaa, kisima kiliandikwa mita 120. Mwaka haukuisha pampu ikaanza kutoa tope, halafu ikaungua. Walipokuja kuitoa wakashusha kamba ya kupimia, ikagonga chini kwenye mita 96. Mita 24 zimekwenda wapi? Wengine wakasema zimeliwa. Wengine wakasema shimo limeporomoka na mchanga umejaa. Yote mawili yanawezekana. Kama mafungu yangeandikwa siku ile, na mtu wa jamii akashuhudia kipimo cha mwisho na kutia sahihi, jibu lingepatikana kwa dakika 5. Karatasi iliyokuwepo ilikuwa na namba moja tu bila tabaka, bila tarehe. Mpaka leo pale kuna watu hawasalimiani kwa sababu ya mita 24 hizo. Ndiyo nasema kumbukumbu haimlindi mnywaji tu, inamlinda pia kontrakta mwaminifu.

Merti na Lotikipi

Sasa tuangalie historia mbili za kaskazini ambazo zinatuhusu moja kwa moja.

Ya kwanza ni ya Dadaab. Mwaka 1977 wataalamu wawili, Swarzenski na Mundorff, walichapisha utafiti kuhusu maji ya chini ya ardhi katika mkoa wa Kaskazini Mashariki. Walitumia taarifa za visima vilivyokwisha kuchimbwa, pamoja na vile vilivyochimbwa kwa ajili ya utafiti. Walipoziweka taarifa hizo pamoja, kisima kwa kisima, picha ilitokea: kuna ukanda wa maji matamu chini ya ardhi, unaoitwa Merti, unaopita kuelekea Somalia, na pembeni yake kushoto na kulia kuna maji ya chumvi. Maji yake yako mbali, mita 100 na zaidi. Kisima kimoja peke yake hakikuweza kuonyesha hilo. Ni karatasi nyingi za watu wengi zilizosomwa pamoja.

Wakimbizi wa Somalia walipoanza kumiminika mwaka 1991, na Ifo ikafunguliwa, halafu Dagahaley na Hagadera, wachimbaji hawakuanzia gizani. Kambi zile zilitengenezwa kwa watu 90,000, na mwaka 2011 wakati wa njaa zikapita watu 450,000. Zimekunywa Merti miaka yote hiyo. Na kwa kuwa vipimo vya kimo na chumvi viliendelea kuchukuliwa, watu wanajua ni visima gani vinaanza kuongeza chumvi na vinatakiwa kupumzishwa. Karatasi za kabla ya wao kufika zimewasaidia watu ambao walioziandika hawakuwafikiria kabisa.

Ya pili ni ya kwetu huku Turkana. Septemba 2013, waziri Judi Wakhungu pamoja na UNESCO walitangaza Nairobi kwamba hazina kubwa ya maji imegunduliwa chini ya nyanda za Lotikipi, na nyingine ndogo karibu na Lodwar. Kampuni ya Radar Technologies International ilikuwa imetumia picha za setilaiti, rada na ramani za miamba kuonyesha mahali pa kuchimba. Lotikipi peke yake ilikadiriwa kuwa na zaidi ya mita za ujazo bilioni 200. Magazeti ya dunia yakaandika kwamba Kenya imepata maji ya miaka 70. Hapa Kakuma watu walishangilia. Tuliambiana kwamba foleni imekwisha.

Miaka miwili baadaye, vipimo zaidi vya Lotikipi vilionyesha kwamba maji hayo yana chumvi kupita kiasi cha kunywa. Kuyasafisha kutoka kina cha mita 300 hivi, katika nchi isiyo na umeme wa kutosha, ni gharama ambayo hakuna aliyekuwa tayari kuibeba. Habari ya 2013 ilienda dunia nzima. Ile ya 2015 haikufika hata bloku ya pili.

Tofauti ya Merti na Lotikipi, kwa maoni yangu, iko hapa. Merti ilijulikana polepole, shimo kwa shimo, karatasi kwa karatasi, na chumvi iliandikwa tangu mwanzo. Lotikipi ilitangazwa kwa kipimo cha wingi, wakati mashimo yaliyoithibitisha yalikuwa machache mno na swali la ubora halijajibiwa. Setilaiti ni chombo kizuri, lakini haionji maji. Mpaka leo hakuna kitu kinachokuambia ladha ya maji ila kuyatoa, kuyapima na kuandika.

Na si chumvi tu. Katika nchi hii ya Bonde la Ufa, visima vingi vina floridi, na hapa Kakuma tunalijua hilo. Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi hapo kwa miaka mingi, meno ya watoto yanakuwa na madoa ya kahawia, na ikizidi sana mifupa inaumia. Floridi haina rangi wala harufu. Macho hayakusaidii. Ni karatasi peke yake inayoweza kukuambia kisima hiki ni cha kunywa, kile ni cha kufua na kujengea.

Kwa nini tuulize sasa

Kakuma ilianza 1992, na visima vyake vingi vimekaa kandokando ya laga ya Tarach. Kalobeyei ilipofunguliwa mwaka 2016, siku za mwanzo maji yaliletwa kwa malori. Katika miaka hii yote mashirika mengi yamepita kwenye kazi ya maji. Moja linamaliza mkataba, lingine linaingia na fulana za rangi nyingine. Kila moja lina kompyuta zake na faili zake, na likiondoka si lazima faili zibaki.

Machi 2025 serikali ya Kenya ilizindua Mpango wa Shirika, ambao unakusudia kuzigeuza kambi kuwa makazi ambapo wakimbizi na wenyeji wanatumia huduma pamoja. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 tayari imefungua njia hiyo. Wakati huohuo msaada wa nje unapungua, kila mtu anauona kwenye sahani yake. Maana yake, siku moja maji yetu yatakabidhiwa kwa wengine: kaunti, kampuni ya maji, au kamati yetu sisi pamoja na Waturkana. Siku hiyo tutapokea mabomba na matangi. Je, tutapokea na karatasi? Tukipewa kisima bila kujua pampu imening'inizwa mita ngapi, bomba liliwekwa lini, na maji yalitulia wapi mwaka wa kwanza, hatutajua kama kinakufa au kimechoka tu. Tutachimba upya pale palipokwisha kuchimbwa bure. Na pesa za kukosea hatutakuwa nazo.

Si kazi ya injinia peke yake. Kila kamati ya maji inaweza kuomba nakala ya taarifa ya kisima chake, na kuipaka kwa rangi ukutani mwa tangi, Kiswahili na Kiturkana: kina chote, kimo cha maji, kina cha pampu, kiasi kwa saa, floridi na chumvi, tarehe ya kuchimba, tarehe ya kipimo cha mwisho. Mistari saba tu. Mashine mpya ikija, kamati imweke kijana mmoja kwenye mafungu na mama mmoja kwenye kipimo cha mwisho, watie sahihi pamoja na kontrakta. Wazee wa Waturkana nao waulizwe, kwa sababu wanajua laga inapohama na wapi mchanga unabaki na maji hata mwaka mbaya. Elimu yao haina namba ya C, lakini ilikuwepo hapa kabla ya namba zote.

Tulipokimbia, wengi wetu tuliacha vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa, vya shamba. Tunajua vizuri mtu asiye na karatasi anavyosumbuliwa. Kisima nacho kikikosa karatasi kinasumbuliwa vilevile, na wanaokinywea wanasumbuka pamoja nacho.